Namba Yangu Mlitoa Wapi?

Mwezi jana mamangu alipigwa faini ya shilingi 200 kwenye chama chao. Mweka hazina alikuwa ametuma meseji kwamba mchango ulipwe Jumatano badala ya Ijumaa. Mama hakuiona, akalipa Ijumaa kama kawaida.

Nilipochukua simu yake nikaelewa. Ile meseji ilikuwa imefunikwa na nyingine kumi na nne: mikopo ya haraka, kubeti, ploti za Kitengela na Joska, na duka moja la viatu ambalo mama hajawahi hata kuingia.

"Sasa mwanangu, hizi zote nitasoma saa ngapi?" akaniuliza. "Mimi niliacha kusoma meseji kitambo."

Hapo ndipo niliposhtuka. Mtu anayepokea pesa kwa simu, anayelipa stima na karo kwa simu, akiacha kusoma meseji, atajuaje kama pesa imeingia kweli au ni tapeli ameandika tu? Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema meseji za matangazo ni kero ndogo ya kuvumilia. Zinatuzoesha kupuuza simu ile ile inayobeba pesa zetu.

Niseme ukweli, huu mchezo naujua kutoka ndani. Nilisomea uuzaji chuo kikuu, na kibarua changu cha kwanza kilikuwa cha kupigia watu simu. Nilipewa orodha ndefu ya namba nikaambiwa nianze. Nikauliza zimetoka wapi. Jibu lilikuwa, "Wewe piga tu."

Kila baada ya simu tuliandika kilichotokea. Ukikata bila kusema kitu, tuliandika "apigiwe tena". Ukisema kwa upole kwamba uko bize, tuliandika "apigiwe jioni". Kumbe adabu yako ndiyo iliyokurudisha kwenye orodha! Watu tuliowaogopa ni wale waliouliza swali moja tu: namba yangu mlitoa wapi? Hatukuwa na jibu. Hao tuliwafuta siku hiyo hiyo.

Na kwani namba hutoka wapi? Mara nyingi huwa tumeziandika wenyewe. Ukiingia jengo lolote mjini, askari wa getini anakupa kitabu uandike jina, kitambulisho na namba ya simu, na anayekuja nyuma yako anasoma yote. Kuna kuponi za mashindano dukani, intaneti ya bure inayotaka namba kwanza, na programu za mikopo zinazoomba kuona majina yote uliyohifadhi kwenye simu. Hiyo ya mwisho ni mbaya zaidi, kwa sababu unatoa namba ya shangazi yako bila yeye kujua.

Wengi hawajui kwamba sheria iko upande wao. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inasema data yako haiwezi kutumiwa kibiashara bila idhini yako ya wazi, isipokuwa pale sheria yenyewe imeruhusu. Kanuni za mwaka 2021 zinamtaka anayekutumia matangazo akupe njia rahisi ya kujiondoa, isiyokula muda wako, iwe ya bure au ya gharama ndogo. Tena si sheria ya kukaa kwenye kabati. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba ilizopata kwa watu wengine na kuwasumbua wenyewe kwa meseji na simu za vitisho.

Basi ufanye nini leo jioni ukiwa nyumbani?

Anza na kujiondoa. Soma mwisho wa meseji ya tangazo. Kwa laini ya Safaricom, nyingi huishia na STOP *456*9*5#. Piga, chagua, maliza. Fanya hivyo pia kwenye simu ya mzazi wako, usimwachie ahangaike peke yake.

Simu ikiingia, usikate tu. Sema: "Namba yangu mlitoa wapi? Sijawapa idhini, naomba mniondoe kwenye orodha." Andika tarehe na jina la kampuni. Wakirudia, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna. Yanapokelewa kwa maandishi au kwa mdomo, na sheria inataka yachunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90.

Lakini chunga hapa. Meseji ya "umeshinda" au "nimekutumia pesa kimakosa" kutoka namba ya kawaida si tangazo, ni utapeli. Usiijibu hata kwa STOP, maana unamwonyesha kwamba laini inafanya kazi. Na mtu akikupigia eti anakusaidia kuzuia matangazo, kisha akuombe PIN au akusomee namba za kubonyeza, kata mara moja. Kujiondoa kwenye matangazo hakuhitaji PIN hata siku moja.

Sasa niwageukie wenzangu wa biashara, na sisi kampuni za malipo tukiwemo. Mteja akilipa kwa simu, ametupa namba ili alipe. Hajasema tumtumie ofa kila Jumamosi. Najua bosi atauliza mauzo yatatoka wapi. Lakini mteja aliyechoka haisomi meseji yako, na unailipia. Afadhali watu mia waliokubali kuliko elfu kumi wanaokulaani. Na sisi pia tukikutumia kitu usichotaka, tuulize hilo swali.

Simu ya mama sasa imetulia. Wiki iliyopita akapigiwa na kijana wa ploti. Nikamsikia kutoka jikoni akiuliza polepole, "Kijana wangu, namba yangu mlitoa wapi?"

Yule kijana ndiye aliyekata.