Mtoto wa Nchi Mbili

Iwapo mama ni Mtanzania na baba ni Mkenya, mtoto wao mchanga ni raia wa wapi? Ni raia wa pande zote mbili. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 humtambua mtoto kwa baba au kwa mama, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 hufanya vivyo hivyo.

Lakini ipo tofauti kubwa. Kenya humwachia raia wa kuzaliwa uraia wa pili maisha yake yote. Tanzania humwachia utotoni tu. Akitimiza miaka 18 imempasa kuchagua. Asipoukana uraia wa Kenya na kula kiapo cha utii, hupoteza ule wa Tanzania, hata kama hajapata kulala usiku mmoja nje ya Dar es Salaam.

Kwa hiyo, wazazi, mwandikisheni mtoto RITA ndani ya siku 90, na cheti chake mkihifadhi pamoja na hati zenu. Kisha mwelezeni mapema. Uamuzi huo ni wake, wala si wa kuvutaniwa na wazazi. Lakini ni aibu yetu ukimkuta hana habari.