Krismasi ya Mwalimu Mgeni Katika Nchi ya Japani

Mara nyingi nimeulizwa, hasa na wale waliokwisha kuona picha za Tokyo zenye taa nyingi, "Je, huko Japani Krismasi ni kubwa kuliko ya kwetu?" Leo nitajibu, maana nalikuwa huko nikifundisha Kiingereza katika shule ya watoto wa miaka kumi na miwili hata kumi na mitano, na Krismasi ya mwaka 2024 ilinikuta huko. Jibu lenyewe si fupi.

Mji niliokaa ni mdogo, katika mkoa wa Shimane, upande wa kisiwa kikubwa unaoelekea Korea. Pepo za baridi huvuka bahari zikabeba mawingu, na mwezi wa Desemba mtu aweza kukaa juma zima asilione jua. Watu wa huko wana msemo wa kwamba heri usahau chakula chako kuliko kusahau mwavuli, nao wamesema kweli. Mashamba ya mpunga yalikwisha kuvunwa zamani, yamebaki mashina tu ndani ya maji ya mvua. Juu ya miti ya kaki, ambayo majani yake yote yameanguka, yalibaki matunda machache mekundu ambayo wenyewe huyaacha, na mengine yamemenywa yakatundikwa kwa kamba chini ya paa ili yakauke. Ilipofika saa kumi na moja jioni kulikuwa na giza kama usiku wa manane.

Mimi sikuwa mwalimu mgeni wa kwanza kuteswa na baridi ya Shimane. Mwaka 1890 alikuja Matsue, mji mkuu wa mkoa huo, mtu mmoja jina lake Lafcadio Hearn, mwana wa baba Mwairishi na mama Myunani, kufundisha Kiingereza. Aliipenda nchi, akaoa huko, akaandika vitabu ambavyo Wajapani wenyewe huvisoma hata leo. Walakini baridi ilimshinda, na mwaka uliofuata akahamia Kumamoto, kusini, kwenye joto kidogo. Tangu siku zake walimu wageni hawakukoma, na mwaka 1987 serikali ilianzisha mpango wa kuwaleta vijana kutoka nchi za nje. Mwaka huo wa kwanza walikuja 848 kutoka nchi nne tu.

Kazi yenyewe ni hivi. Asubuhi unavua viatu mlangoni na kuvaa vingine vya ndani. Walimu wote wana meza zao katika chumba kimoja kikubwa, naibu wa mwalimu mkuu akiketi mbele awaone wote. Madarasa yana majiko ya mafuta ya taa, na mtoto aketiye karibu na jiko husinzia, ilhali aliye karibu na dirisha hutetemeka. Adhuhuri watoto wenyewe huvaa makoti meupe na kuwapakulia wenzao chakula, na mwalimu hula pamoja nao darasani. Kisha ni kufagia. Mtumishi wa kufagia hakuna. Watoto hupiga magoti wakapangusa sakafu kwa matambara, na walimu pamoja nao. Mara ya kwanza nalisimama pembeni mikono mfukoni, nikidhani ya kuwa mwalimu ni mwalimu. Mtoto mmoja akaniletea tambara, akaniinamia kwa adabu, akanionyesha ngazi. Tangu siku ile ngazi zile zikawa zangu.

Katika juma la pili la Desemba, Bibi Mwalimu wa Kiingereza ambaye nalifundisha pamoja naye aliniambia tuweke kando kitabu, niwaeleze watoto habari za Krismasi. Nikawauliza kwanza wao wajua nini. Wakaniambia pasipo kusita: Krismasi ni keki nyeupe yenye krimu na stroberi juu yake, ni kuku wa kukaanga wa Kentucky, ambaye wazazi huagiza mapema la sivyo watapanga foleni bure, ni usiku ambao kijana na mchumba wake hutembea kutazama taa. Habari ya kuku isikushangaze, msomaji. Duka lile lilianza kuitangaza nchini kote mwaka 1974, na watu ambao hawakuwa na desturi nyingine ya siku hiyo wakaipokea hiyo.

Kisha wakaniuliza juu ya kwetu Kenya. Je, theluji iko? Nikacheka. Nikawaeleza jinsi Nairobi inavyomwaga watu, nauli za magari zikapanda maradufu, na watu wakasafiri usiku kucha na magunia na watoto magotini, kila mtu akirudi kwa wazazi wake. Nikawaeleza habari za kuchinja mbuzi, za chapati, za nguo mpya za watoto, za bibi ambaye humtazama kila mjukuu na kusema amekonda. Darasa lilinyamaza kimya. Ndipo msichana mmoja wa nyuma, ambaye hakuwa na desturi ya kusema, akainua mkono. "Mwalimu," akasema, "hiyo si Krismasi. Hiyo ni oshogatsu." Yaani ni Mwaka Mpya. Wenzake wakacheka, nami nikacheka, lakini neno lile lilinikaa moyoni.

Tusidhani ya kwamba Wajapani hawakuijua Krismasi mpaka walipouziwa kuku. Mwaka 1552, katika mji wa Yamaguchi, si mbali na Shimane, mapadre wa Kizungu waliiadhimisha pamoja na waumini wa Kijapani. Baadaye, mwaka 1614, dini hiyo ilikatazwa nchini kote, na mbao zenye tangazo la kuikataza hazikuondolewa mpaka mwaka 1873. Hata leo Wakristo ni kama mtu mmoja tu katika mia. Kwa hiyo keki ile na taa zile si dini iliyoharibika, kama nilivyodhani mwanzoni kwa kiburi changu. Ni mapambo yaliyoazimwa kwa furaha na watu ambao sikukuu yao iko mbele kwa siku saba.

Sasa nifikie jambo lililonisumbua. Tarehe 25 Desemba si sikukuu ya serikali huko. Ilikuwa hivyo zamani kwa miaka kama ishirini, lakini kwa sababu nyingine kabisa: Mfalme Taisho alifariki siku hiyo mwaka 1926, na watu walipumzika kwa kumkumbuka. Mwaka 2024 tarehe hiyo ilikuwa Jumatano, siku ya kazi kama siku zote. Watoto walipewa ripoti zao tarehe 24 wakaenda zao, ila kufunga kwa watoto si kufunga kwa walimu. Hao huendelea kuja mpaka ofisi za serikali zifungwapo, nazo kwa sheria hufungwa tangu tarehe 29 Desemba hata 3 Januari.

Nalikuwa na haki ya siku kadhaa za likizo yenye mshahara, wala sikuwa nimegusa hata moja. Mtu atasema, basi si uombe? Makarani watanielewa nikisema ya kwamba haki iliyoandikwa katika karatasi haikuondolei haya ya kuwa mtu wa kwanza kuinuka mezani wakati wenzako wote wameinamia kazi. Walimu wale walikuwa wakija na homa. Wengine waliondoka saa tatu za usiku, wakisahihisha kazi za wale wa mwaka wa tatu waliokaribia mtihani wa kuingia shule ya juu. Mimi mgeni, niliyeondoka saa kumi na nusu kwa mujibu wa mkataba, niseme nini? Tena mama yangu alikuwa amesema katika simu, "Mwanangu, tangu ulipobatizwa hujakosa kanisa siku ya Krismasi." Hakusema zaidi. Nikaichukua ile karatasi ya kuombea likizo nikaitia mfukoni, ikakaa humo siku kumi hata pembe zake zikachakaa.

Bibi Mwalimu ndiye aliyeiona, nilipokuwa nikitafuta kalamu. Hakuniuliza kitu. Aliichukua, akanijazia zile nafasi ambazo maandishi yake yalinishinda kusoma, akanirudishia akinionyesha kwa macho meza ya mbele. Nikaenda nimeandaa maneno mengi ya kujieleza. Naibu aliisoma, akatoa muhuri wake katika kisanduku, akaugonga juu ya wino mwekundu, akaupiga mahali pake. Kisha akauliza neno moja tu: "Ibada ni saa ngapi?" Nikamjibu ni saa nne. Akafungua ratiba ya garimoshi iliyokuwa chini ya kioo cha meza yake, akaifuata kwa kidole. "Hili la saa mbili na nusu huchelewa theluji ikianguka," akasema. "Panda la mbele yake."

Nilirudi kitini nikiona haya, maana siku kumi zote nilikuwa nimewahukumu moyoni kuwa ni watu wasiojali.

Kanisa lile la Matsue lilikuwa na watu wasiozidi thelathini. Walikuwako wazee wa Kijapani, wanawake wa Kifilipino na watoto wao, na vijana wawili wa Brazili waliotoka zamu ya usiku kiwandani Izumo, ambako Wabrazili ni wengi. Walisinzia wakati wa mahubiri wakaamka kwa nyimbo. Nilijua tuni zote, wala sikujua maneno hata moja, basi nikaimba kwa Kiswahili polepole, na mzee mmoja wa mbele akageuka akatabasamu. Saa nane nalikuwa nimerudi mezani pangu. Palikuwa na kipande cha keki yenye stroberi, kimefunikwa, bado kina karatasi ya dukani iliyosema bei imepunguzwa nusu. Tarehe 25 keki huanza kuuzwa hivyo. Wa kesho yake hana wa kumwuzia.

Juu ya karamu ya walimu ya kuusahau mwaka nitasema hili tu, ya kwamba mtu hajimiminii mwenyewe bali humimina kwa mwenzake, na ya kwamba naibu yule anajua kuimba.

Tarehe 31 Bibi Mwalimu alinichukua nyumbani kwa wazazi wake, wakulima wa mpunga na matunda ya kaki. Nyumba ilikuwa imesafishwa mpaka juu ya dari, na kamba ya majani makavu ya mpunga imefungwa mlangoni. Tangu mchana magari yalikuwa yakifika kutoka Osaka na Hiroshima, yamejaa watoto na zawadi. Bibi mwenye nyumba alimshika kila mmoja mkono, na kwa ishara zake nilifahamu ya kuwa anasema wamekonda. Tuliketi miguu chini ya meza fupi yenye joto la umeme na blanketi zito, tukala tambi za soba, ambazo ndizo chakula cha kuuagia mwaka. Karibu na saa sita za usiku tukaenda hekaluni katika theluji. Kengele ile hupigwa mara 108, kwa hesabu ya tamaa zinazomsumbua mwanadamu katika mafundisho ya Kibudha, na wanakijiji walipanga mstari wakapiga mmoja mmoja. Nami nilipewa zamu yangu. Kwetu ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Nikampigia mama simu aisikie, akauliza, "Sasa ndiyo Krismasi yao?" Nikamwambia ndiyo.

Kesho yake nilirudi nyumbani kwangu nikakuta sandukuni kadi 19 za Mwaka Mpya, nyingi za walimu wenzangu. Mimi sikupeleka hata moja. Posta ya Japani huzikusanya kadi hizo, na zile zilizotiwa kabla ya kupita tarehe 25 Desemba huzifikisha zote asubuhi ya Januari mosi. Kwa ajili ya mwaka 2004 zilichapwa zaidi ya milioni elfu nne. Siku hizi zinapungua, na mwaka 2024 bei ya kupeleka kadi moja ilipandishwa kutoka yeni 63 kuwa yeni 85, lakini walimu wale hawakuacha. Kumbe katika juma lile nililohangaika na karatasi yangu ya likizo, wao, baada ya kusahihisha mitihani hata usiku, walikuwa wakiniandikia.

Nikanunua kadi 19 dukani, nikaketi siku mbili nikiandika, maana adabu yataka jibu lifike kabla ya tarehe 7 kupita. Ya mwisho ilikuwa ya naibu. Sikujua nimwandikie nini, hata nikamwandikia ya kwamba garimoshi halikuchelewa.