Pensheni Si Ng'ombe wa Ukoo

KONA YA MINJILA
Na Mwana wa Mto

Wiki hii shemeji wa mtu amenikosesha usingizi.

Jumanne nilikuwa kwenye baraza ya ofisi ya chifu mmoja huku kwetu Garsen. Lokesheni siitaji, kwa sababu chifu mwenyewe husoma gazeti na fomu yangu ya kitambulisho bado iko mezani kwake. Mbele yangu kwenye benchi alikuwa ameketi mama mmoja, mjane wa mwalimu mstaafu, ametoka eda juzijuzi. Miezi minne na siku kumi alikuwa kizuka ndani, na safari yake ya kwanza nje ikawa ya kufuata makaratasi.

Mapajani alipakata mfuko wa nailoni. Alipoufungua nikaona cheti cha kifo, kitambulisho chake na cha marehemu, vyeti vya kuzaliwa vya watoto watatu, na barua ya Tume ya Huduma za Walimu iliyokunjamana, wino umesambaa, tarehe haisomeki.

"Maji ya mafuriko ya 2018 hayo, baba," akaniambia alipoona naikodolea macho. "Mwalimu aliianika juu ya paa siku mbili."

Alichokuja kutafuta ni barua ya chifu ya kuthibitisha kwamba yeye ndiye mke wa marehemu na watoto ni hawa. Barua hiyo ndiyo mlango. Bila hiyo faili halitoki Garsen, sembuse kufika Bima House, Nairobi, iliko Idara ya Pensheni.

Chifu alimsikiliza vizuri, nimpe haki yake. Akaandika. Akashika muhuri, akakuta kile kisahani cha wino kimekauka, akakidondoshea maji ya chupa na kukisugua kwa kidole gumba. Muhuri ukainuliwa. Ulikuwa bado uko hewani shemeji alipoingia.

Nani alimpasha habari sijui. Kanzu imepigwa pasi, bakora mkononi, simu mbili kwenye mfuko wa kifua. Akasalimu, akajikaribisha kiti, kisha akasema, "Chifu, barua hiyo haijatimia. Mimi ndugu wa marehemu simo."

"Shemeji, uingie kama nani?" mama akauliza, wala hakupaza sauti.

"Kama mwenye mali. Mali ya ndugu yangu ni mali ya nyumba yetu. Wewe ni mtu wa kuja."

Mtu wa kuja! Mama aliyemzalia ndugu yake watoto watatu, aliyemwogesha akiwa hajiwezi, leo ni mtu wa kuja. Nikamtazama chifu nikitaraji radi. Chifu akaurudisha muhuri mezani polepole na kusema, "Nendeni nyumbani mkakubaliane kwanza, mkishaelewana mrudi."

Nikashindwa kujizuia. "Chifu, wakubaliane nini?" Nikaambiwa nisubiri zamu yangu.

Basi zamu yangu ni hapa. Wakubaliane nini? Sheria ya Pensheni ya Kenya inasema mstaafu akifa, pensheni yake inaendelea kulipwa wategemezi wake kwa miaka 5. Wategemezi maana yake mke na watoto waliokuwa wakila kwa jasho lake. Haikuandikwa popote kwamba ni mtu mzima mwenye simu mbili. Kuna pia ile Sheria ya Pensheni za Wajane na Watoto, ambayo mwalimu wa zamani alikatwa asilimia 2 ya mshahara kwa ajili yake, mwezi baada ya mwezi, miaka na miaka. Jina la mpango lenyewe linataja wajane na watoto. Anayetafuta mashemeji humo atafute mpaka achoke.

Jioni nikalipeleka suala hili mkekani tunaponywea kahawa. Mzee mmoja tunayemwita Profesa wa Kahawa, aliyewahi kutueleza namna ya kuuhamisha mto Tana, akatikisa kikombe na kutamka: "Nyinyi watu wa magazeti mnasahau dini. Mirathi ina ndugu."

Haya, twende kwenye dini, Profesa, na tusirudi nusu ya njia. Mume akiacha watoto, mke anapata thumuni. Wazazi wa marehemu, wakiwa hai, kila mmoja ana sudusi yake. Kinachosalia ni cha watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Na akiwepo mtoto wa kiume, ndugu wa marehemu hapati hata kokwa ya embe. Marehemu huyu ameacha kijana aliye kidato cha pili. Kwa hiyo shemeji akiingia mlango wa serikali anatoka mikono mitupu, na akiingia mlango wa Kadhi anatoka vivyo hivyo. Ndiyo maana hataki kwenda kwa Kadhi. Anataka "tuelewane nyumbani", mahali ambapo mwenye bakora ndiye hakimu.

Profesa akaagiza kikombe cha pili na kuanza kuzungumzia bei ya mchele.

Ugonjwa huu wa kudhani kila mali ni ya ukoo umetoka wapi? Nitawaambia. Umetoka zizini na shambani. Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981 iliziacha nje wilaya kadhaa, Tana River ikiwemo, kwa upande wa mashamba na mifugo. Huko mila ikaachiwa iamue. Wazee wakazoea. Mtu akifa, ukoo unakaa, ng'ombe wanahesabiwa, migomba inahesabiwa, na mjane anaelezwa kilichoamuliwa. Sasa wameiona pensheni wakadhani nayo ina kwato. Hela inayoingia benki kwa jina la mjane haikunywa maji ya mto huu hata siku moja, na hakuna mila ya kuichunga.

Na kichekesho ni hiki. Wapo mashemeji wajanja zaidi, wanaoona njia ya mkato ni kumrithi mjane mwenyewe. Posa inaletwa kabla mkeka wa hitima haujakunjwa. Bwana harusi, nikupe habari bure: ile pensheni ya wajane hukoma mjane akiolewa tena. Utakuwa umekamua maziwa ukayamwaga mwenyewe.

Wanaume wenzangu msicheke sana, maana nusu ya fedheha hii ni kazi yetu. Tumefungishwa ndoa na mwalimu wa madrasa au na wazee, tukala pilau, na cheti hatukukifuata. Watoto wamezaliwa nyumbani, vyeti vyao tumengoja mpaka mtihani ubishe hodi. Makaratasi machache tuliyo nayo tumeyaweka chini ya godoro, katika nchi ambayo mto huingia chumbani bila hodi, 2018, tena 2023. Tukifa, tunamwachia mwanamke aliyevaa nyeupe kazi ya kuithibitisha ndoa ambayo sisi wenyewe tulikula pilau yake.

Vijana nanyi, walimu na askari mlioingia mpango mpya wa serikali ulioanza Januari 2021, mnaokatwa asilimia 7.5 na serikali kuongeza 15: ile fomu ya kumtaja mrithi wa akiba mliandika jina la nani? Wengi mliijaza mkiwa makapera, mkamwandika kaka. Sasa mna mke na watoto, na fomu bado inamjua kaka. Kaka naye anajua kwamba fomu inamjua.

Machifu, nyinyi mnaulizwa nani mke na nani watoto. Hamkuulizwa nani ana kanzu safi. Kuandika mnalolijua na kugonga muhuri hakuhitaji kikao cha ukoo. Kila siku mnayosema "kakubalianeni" ni siku ya karo isiyolipwa, na mnaifanya kaya nzima iombe ruhusa kwa mtu asiye na haki ya kuitoa.

Na wewe shemeji, maana nasikia gazeti hili husomewa wenye simu mbili. Kama unaitamani sana pensheni ya mwalimu, shule za Tana Delta zina upungufu wa walimu mpaka leo. Chukua chaki, simama mbele ya darasa la watoto themanini miaka thelathini, ukatwe kila mwezi. Halafu ufe, tuone ndugu yako atakuja na kanzu gani.