Nani anachagua mwisho wa filamu? Swali la Hollywood linatugusa hata Kisangani

Tukitoka kutazama filamu mbaya, wengi wetu tunamlaumu mwongozaji. Mara nyingi kosa si lake. Mwenye feza ameingia kwenye montaji, fasi picha zinakatwa na kuunganishwa, akatoka na filamu nyingine. Huko Marekani wanaofanya vile ni studio, yaani kampuni kubwa zinazolipia kila kitu. Kwetu studio za namna ile hazipo, lakini mkasi upo.

Mfano unaojulikana sana unagusa mpaka mto wetu. Mwaka 1939 studio RKO ilimpa Orson Welles, kijana wa miaka 24, mkataba wa ajabu: neno la mwisho juu ya filamu yake ni lake. Filamu ya kwanza aliyoitaka ilitoka katika kitabu cha Joseph Conrad, yule baharia aliyepanda mto Kongo mwaka 1890 mpaka Stanley Falls, ndiyo hapa kwetu. RKO ikaona gharama ni nyingi, ikaacha. Welles akafanya Citizen Kane (1941), ambayo watu wa sinema wanaiweka kati ya filamu bora za dunia. Kwa ile iliyofuata, The Magnificent Ambersons (1942), hakuwa tena na haki ya neno la mwisho. Yeye akiwa Brazili kwa kazi nyingine, studio ikaionyesha kwa watazamaji ili kuijaribu. Wengine wakaicheka, wakubwa wakaogopa. Wakakata zaidi ya dakika 40, wakapiga mwisho mpya wa furaha, kisha picha zilizokatwa zikaharibiwa. Mpaka leo hakuna anayeweza kuitazama filamu ile ikiwa kamili.

Muji wetu wenyewe ulipata bahati kidogo. Mwaka 1958, wakati unaitwa bado Stanleyville, Fred Zinnemann alikuja na Audrey Hepburn kupiga hapa sehemu ya The Nun's Story kwa ajili ya Warner Bros. Ni habari ya mtawa muuguzi wa Ubelgiji anayetumwa Kongo. Mwishoni anavua nguo za utawa, mlango unafunguliwa, anakwenda. Studio ilitaka muziki pale, sawa vile kwenye filamu zake zote. Zinnemann akakataa: muziki wa furaha ungesema amefanya vizuri kutoka, wa huzuni ungesema amepotea. Akashinda. Ukiitazama leo, anaondoka katika kimya, na kila mtu anaamua mwenyewe.

Tusiseme kwamba mwenye feza anapashwa kunyamaza tu. Heaven's Gate ya Michael Cimino (1980) ilikula karibu dola milioni 44 juu hakuna aliyemsimamisha kwa wakati, na mwaka uliofuata studio United Artists ikauzwa. Mtu kukuambia "hapa ni refu, watu watalala" anakusaidia. Akikuambia "hapa ubadilishe yaliyotokea", hiyo ni habari nyingine.

Na huku Afrika anayesema vile mara nyingi ni serikali. Kenya, mwaka 2018, tume ya filamu ilimwomba Wanuri Kahiu abadilishe mwisho wa Rafiki, filamu ya mapenzi ya wasichana wawili, juu mwisho wake ulikuwa na matumaini. Alikataa, filamu ikapigwa marufuku, na korti ikairuhusu siku saba tu. Kwetu Kongo, mwaka 2015, serikali ilifunga filamu ya Thierry Michel juu ya daktari Mukwege wa Panzi, ikisema inachafua jeshi. Wiki kadhaa baadaye ikafungua. Kila mtu alikuwa ameshaitafuta.

Lakini mkasi ambao vijana wa Makiso wenye kamera wanaujua vizuri ni ule wa mfadhili. Unaitwa kupiga filamu ya "kuhamasisha". Karatasi inakuja: dakika fulani, ujumbe fulani, alama ya shirika mwanzoni na mwishoni, na mama wa kijiji anapashwa kushukuru mbele ya kamera. Akisema kwamba pampu ya maji imeharibika tangu mwezi wa pili, sentensi ile inakatwa. Kazi inalipa kodi ya nyumba, hakuna anayecheka mtu kwa kuikubali. Ila ndiyo sababu filamu hizi zinafanana zote, na hakuna anayeomba kuziona mara ya pili.

Tazama sasa kazi ya Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani. Katika Examen d'État (2014) alionyesha wanafunzi wa hapa wakipambana na mtihani wa serikali, pamoja na udanganyifu. Katika En route pour le milliard (2020) alifuata walemavu wa Vita ya Siku Sita ya Juni 2000, wakishuka mto mpaka Kinshasa kudai malipo yao. Mvua inawapiga kwenye baleinière, huko Kinshasa wanasukumwa mbele ya bunge. Feza hawakupata, na filamu haikuwatafutia. Ilichaguliwa Cannes. Ukiweka pale mwisho wa kushukuru, safari yote inakufa.

Jambo hili halijaisha. Tarehe 9 Februari 2022 Korti ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325. Mfuko wa FRIVAO uko hapa Kisangani, na malalamiko juu ya namna ya kugawa ni mengi. Filamu zitapigwa juu ya orodha zile na watu wale. Zingine zitalipwa na wale ambao habari inawahusu. Kwa kijana anayeitwa kuzipiga: kabla ya kutia sahihi, tafuta kwenye mkataba mstari unaosema nani anakubali montaji ya mwisho. Kama haupo, uombe uandikwe, na ubaki na nakala ya picha zote ulizopiga.