Ukiushi na Utoto

Tangu Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kitoke mwaka 1974, wapo wahakiki wanaoshikilia kwamba mshairi aachaye vina na mizani amekwepa kazi. Na walisome “in Just-”, shairi la Mmarekani E. E. Cummings lililochapishwa mwaka 1920. Humo majina ya watoto yameambatanishwa mawili mawili pasi na nafasi, mithili ya watoto wanaokuja mbio wameshikana mikono. Mluzi wa mchuuzi wa maputo umetawanywa ukurasani, ukasikika toka mbali. Mchuuzi mwenyewe huanza akiwa kiwete, akaishia na miguu ya mbuzi. Hofu huingia mchezoni bila kutajwa. Utungo huo ukipangwa kwa mizani nane nane, majina yatatengana, mluzi utakatika, na atakayesikika ni mtu mzima akisimulia utoto.