Meza ya chini, meza ya juu

Mwezi uliopita niliahidi kuwasimulia ile safari yetu ya meli, na tangu hapo maswali yamekuwa yale yale: ilikuwa shilingi ngapi, visa mlipataje, mlitapika? Hayo nitayajibu siku nyingine. Leo nataka kuongelea chakula cha usiku tu, maana ndicho kilichotaka kutuvuruga mimi na mwenzangu kuliko jambo lolote katika miaka tisa ya ndoa yetu. Na kosa, niseme mapema, lilikuwa langu.

Tulipandia Dubai, Januari 2023, usiku saba, tukipita Muscat, Doha na Abu Dhabi. Tulikuwa watano: mimi, baba watoto, binti yetu wa miaka minane, mdogo wake wa miaka minne, na mama mkwe kutoka Tanga. Mama alikuwa ametimiza miaka 70 na safari ilikuwa zawadi yake. Weka hilo akilini, kwa sababu kuna siku mbili mimi nililisahau.

Kwa wasiowahi kupanda meli za namna hii, nauli inakuwa imeshajumuisha chakula, na jioni una njia mbili za kula bila kuongeza hata senti. Ya kwanza ni ukumbi mkubwa wa chini. Unapangiwa meza yenye namba, unapangiwa muda (kuna zamu ya mapema na zamu ya pili), unakaa na watu wale wale kila siku, mhudumu anakutandikia kitambaa mapajani na kuleta chakula kidogo kidogo: supu, kachumbari zao, samaki au nyama, kisha kitamu cha mwisho. Pensi na kandambili haziingii. Na katika safari ya wiki kuna usiku mmoja au miwili ya kupendeza hasa, wanaume suti na tai, wanawake magauni. Njia ya pili ni bafe, ambayo kwa kawaida iko sitaha za juu karibu na bwawa la kuogelea. Huko unaingia muda unaotaka, unachukua sahani, unakaa popote, unakula ulivyovaa. (Ipo na migahawa ya kulipia pembeni. Hiyo tuliipita tu kwenye korido tukisoma bei.)

Utaratibu huu wa meza na zamu ni wa zamani, na si kila meli bado inaung'ang'ania. Norwegian Cruise Line walianza kuuacha mwaka 2000, abiria ale saa anayotaka na anayetaka. Lakini meli yetu ilikuwa ya mtindo wa zamani, na mimi, mwenzenu, ndio mtindo nilioutaka. Miezi minne kabla nilikuwa kwa fundi. Magauni mawili, moja la kijani na moja la rangi ya divai, yote kwa ajili ya ule ukumbi wa chini. Nilishajiona kwenye picha.

Usiku wa kwanza tulipangiwa meza ya watu wanane pamoja na familia ya watu watatu kutoka Ulaya. Wapole tu, wa salamu na tabasamu. Mwanangu wa kiume alilala kabla supu haijafika, kichwa kwenye kikapu cha mikate. Ukweli ni kwamba mlo mmoja pale chini unachukua saa moja na nusu, mara nyingine mbili, na mtoto wa miaka minne hana saa mbili za kukaa kitini. Hilo lilitosha kunifanya nifikirie upya. Sikufikiri.

Akaletwa samaki na wali. Mama akaangalia uma, akaangalia kisu, akavuta sahani karibu, akaanza kula kwa mkono kama anavyokula siku zote, taratibu, kwa vidole vitatu, bila kudondosha punje. Nami nikahisi joto linanipanda shingoni. Nikainama, nikamsogezea uma, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, hapa wanatumia hizi."

Hakujibu kitu. Alijifuta vidole kwenye kile kitambaa cheupe, kimoja kimoja, akasema, "Nimeshiba, mwanangu." Sahani yake ilikuwa haijafika nusu.

Wale Wazungu, kama mnataka kujua, hawakuwa wanamwangalia. Walikuwa wanabishana na kijana wao kuhusu simu.

Usiku wa pili ndio ulikuwa wa magauni. Mama akasema kichwa kinamuuma, atabaki chumbani na yule mdogo, sisi twende. Mume wangu akamuuliza mara mbili kama tumletee chochote, akasema hapana, ameshakunywa chai. Tukaenda. Nikavaa la kijani. Nilipendeza, sitawadanganya, na picha ninazo. Nilikula vitu vitano na nikasifia kila kimoja.

Kesho yake tukatia nanga Muscat. Meli za utalii zinafunga Mutrah, kwenye bandari ya zamani kabisa, ukishuka unaona milima ya mawe mitupu na barabara ya pwani na soko hatua chache mbele. Na ndani ya lile soko usishangae ukijibiwa Kiswahili, maana Waomani wengi waliozaliwa Zanzibar na bara walirudi huko, hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita wa nje warudi nyumbani. Mama ana binti wa shangazi yake huko. Walikuwa hawajaonana tangu wakiwa wasichana. Sitaelezea kile kilio.

Tukapelekwa nyumbani kwao, mkeka chini, sinia moja kubwa la wali na samaki wa kukaanga na achari ya ndimu, wote tumezunguka. Mama alikula. Jamani, alikula! Nikasema moyoni, afadhali kichwa kimepona. Ndipo binti yangu, mdomo umejaa, akasema kwa furaha kabisa, "Bibi leo hujala biskuti zangu."

Kukawa kimya. Mwenyeji wetu akauliza biskuti gani. Mtoto akaeleza vizuri kama anasoma darasani: zile tulizopewa kwenye ndege na pakiti nyingine aliyonunuliwa Dubai, bibi alikuwa anakula usiku, jana na juzi, akamwambia asiseme kwa mama.

Mama akacheka, akasema watoto wana maneno. Mume wangu hakucheka. Alinitazama mara moja tu, kisha akaendelea kula.

Vyumba vya meli ni vidogo, na sisi tulikuwa na watoto humo humo, kwa hiyo ule ugomvi wetu tulifanyia bafuni, mlango umefungwa, kwa kunong'ona, yeye amesimama mimi nimekaa juu ya choo. Akasema, "Mama yangu amelala na njaa siku mbili ndani ya meli ambayo chakula hakiishi. Na wewe ulikuwa unapiga picha." Nikasema sikumkataza kula. Nikasema nilitaka kumsaidia asijisikie vibaya. Akaniuliza, "Nani alikuwa anajisikia vibaya?"

Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nacho ni hoja za kijinga: meza tumeshapangiwa, mhudumu atatusubiri, tumelipia. Zote tatu si kweli. Meza ukiiacha hakuna faini wala barua. Unamwambia mhudumu wenu au msimamizi wa ukumbi kwamba mtakula juu, basi, anashukuru na anajipangia kazi zake. Na bafe imelipiwa kwenye nauli ile ile. Hata ile tozo ya huduma inayokatwa kila siku kwa kila abiria kwenye bili ya chumba iliendelea vile vile tulipohamia juu. Kwa hiyo mtu asije akakuambia kwamba kula bafe ni kupoteza hela.

Usiku ule tukapanda juu, sisi wote watano, mama akiwa kwenye dera lake na mtandio.

Mlangoni kuna masinki na mhudumu amesimama kuhimiza kila mtu anawe. Sio mapambo hayo. Kile kirusi cha kuharisha na kutapika kinachozisumbua meli, kinaitwa norovirus, hakitishiki sana na jeli ya mkononi. Sabuni na maji ndiyo dawa. Baada ya korona, meli ziliporudi baharini mwaka 2021, nyingi ziliweka wahudumu wa kukupakulia ili abiria wote wasishike kijiko kimoja, na baadhi ya sehemu utaratibu huo tuliukuta. Mama alinawa mpaka viwiko, akatazama foleni ya sinki, akasema, "Hawa sasa wana adabu." Yalikuwa maneno yake marefu kuliko yote tangu Muscat.

Safari za Ghuba zina abiria wengi kutoka India, na mabaharia na wapishi wengi pia ni wa huko, kwa hiyo bafe yetu ilikuwa na kona nzima ya wali, dengu, chapati na mchuzi wa samaki wenye ukwaju kabisa. Nyama ya nguruwe ilikuwa na kibao chake peke yake. (Ukiwa na masharti ya chakula, halali au mzio au kisukari, andikisha wakati wa kukata tiketi na uliza tena siku ya kwanza. Usitegemee vibao peke yake.) Mama alizunguka kwanza bila sahani, mikono nyuma, kama mtu anayekagua shamba. Halafu akachukua wali, dengu na kipande cha samaki. Meza ya pembeni kulikuwa na bibi wa Kihindi wa rika lake anakula kwa mkono, akiwa na wajukuu. Wakatazamana. Mama akakunja mkono wa dera lake.

Nami nikala kwa mkono. Sikupanga, na sidhani kama ilimfurahisha au kumuudhi. Hakutazama upande wangu.

Sasa msidhani naipamba bafe. Ina kero zake. Ile saa moja na saa mbili usiku kutafuta meza ya watu watano ni kama kutafuta kiti kwenye daladala ya Mbagala, na wa kwanza kupata anabaki kulinda huku wali wake unapoa. Kelele nyingi. Hakuna anayekuuliza ungependa nini. Watoto wiki ya kwanza ya uhuru wanajaza keki tatu na viazi vya kukaanga, na nusu inaishia kwenye pipa, mpaka tukaweka sheria kwamba sahani ya kwanza ni ndogo na wanaenda na mzazi mmoja. Mume wangu, ambaye nyumbani anajidai hali usiku, alienda raundi nne. Yapo niliyoyajifunza: twende mapema, saa kumi na mbili na nusu, kabla zamu hazijapishana. Tupite mpaka mwisho kabisa, kwani mara nyingi vyakula vya upande wa kushoto ndivyo hivyo hivyo vya kulia, watu wanapanga foleni moja kwa kutokujua. Na meza za nyuma, zinazotazama mkondo wa meli, zinajaa asubuhi ila usiku zinabaki wazi kwa sababu nje ni giza.

Pale nyuma ndipo tulipokaa usiku uliobaki. Nusu ya vyakula vilikuwa ni vile vile vya ukumbi wa chini, bila jina la Kifaransa. Mtoto akisinzia, mmoja wetu anambeba akamlaze, mwingine anabaki na mama. Ndivyo nilivyojikuta mara mbili niko peke yangu na mama mkwe mbele ya bakuli la matunda. Usiku wa kwanza wa hivyo nilimwambia, "Mama, nisamehe kwa ile siku." Akamenya chungwa lote kwanza. Akasema, "Mimi nilidhani ni sheria ya meli." Kisha akanipa nusu ya chungwa.

Mpaka leo sijui kama kweli alidhani hivyo, au alinipa mlango wa kutokea.

Usiku wa sita ulikuwa wa magauni tena. Mama mwenyewe ndiye aliyetufukuza: nendeni wenyewe wawili, watoto watakuwa na mimi huku juu. Nilikuwa nimeshaamua kutokwenda. Mume wangu akatoa lile la rangi ya divai kabatini akaliweka kitandani, hakusema kitu. Tukaenda. Tuliomba meza ya watu wawili tukapata. Tulizungumza, si sana, lakini tulizungumza kuhusu bafuni na yale aliyoyasema na yale niliyostahili. Mhudumu wetu wa mwanzo akaja kutusalimia na kuuliza bibi yuko wapi, kichwa kimepona? Kumbe alimwona. Akasema laiti angeambiwa, angemletea bakuli la maji ya kunawa na samaki wa pili.

Hilo bakuli limenikaa kichwani kuliko gauni.

Tulimaliza kabla ya kitamu cha mwisho, tukapanda lifti na nguo zetu zile, suti na gauni refu, katikati ya watu wa pensi na taulo. Mama na watoto walikuwa bado kwenye meza ya nyuma. Mdogo amelala mapajani mwake. Binti yangu alikuwa anamfundisha kutumia uma kwenye kipande cha keki, na mama anamfundisha kumega chapati kwa mkono mmoja.

Juzi nilikuwa Tanga msibani. Majirani wamemzunguka mama, wanataka habari za meli, alikula nini. Nikasikia anawaambia, "Chakula tele. Cha chini kilinishinda, cha juu nikala."