Mlango wa karakana upangwe kabla ya kuchimba msingi

Katika miji na vijiji vingi nchini, kujenga banda la kazi nyumbani ni hatua ya kwanza ya mjasiriamali anayetaka kuachana na kulipa pango. Seremala anaanzia nyuma ya nyumba yake, mchomeleaji anajenga uani, mwenye mashine ya kusaga anasimamisha jengo mbele ya kiwanja, na mkulima aliyebahatika kununua pawatila anatafuta mahali pa kuilaza kabla masika hayajaanza. Wote hao hupiga hesabu ya tofali, bati, mbao za kenchi na mifuko ya saruji. Kinachosahaulika hadi ukuta unapofika kiunoni ni mlango.

Mara nyingi uamuzi huo huachiwa fundi muashi. Naye, kwa mazoea ya kujenga nyumba za kuishi, huacha uwazi wa futi tatu kwa saba, yaani sentimita 90 kwa 210, kwa kuwa fremu za kipimo hicho hupatikana kila mahali. Kipimo hicho kinamtosha mtu anayeingia chumbani kulala. Anayeingia na mzigo, mashine au chombo cha usafiri hakimtoshi.

Matokeo yake yanafahamika. Seremala anamaliza kabati la nguo ndani, kisha siku ya kulikabidhi analazimika kulifungua upya mbele ya mteja. Mchomeleaji anaunganisha geti la mita tatu nje juani, huku jengo alilolijenga kwa akiba ya miaka limebaki stoo ya vyuma chakavu. Pawatila inalala chini ya mwembe ikiwa imefunikwa turubai, na kutu inaanza kazi yake. Mwenye mashine ya kusaga, siku injini inapohitaji kutolewa nzima, anaita fundi wa kubomoa ukuta.

Kwa mantiki hiyo, mlango hauwezi kuwa jambo la kumalizia. Ndio unaoamua ni biashara gani itafanyika ndani ya jengo na ipi haitawezekana. Unapaswa kupangwa kwanza, na ukuta uufuate.

Kipimo kitokane na mzigo

Njia sahihi ni kuanza na orodha ya vitu vitakavyopita mlangoni, si leo tu bali katika miaka kumi ijayo. Anayemiliki pikipiki leo huenda akanunua bajaji kesho, na mwenye bajaji ana ndoto ya kirikuu.

Pikipiki ya kawaida ina usukani wa karibu sentimita 80. Katika mlango wa sentimita 90 inapita kwa shida, na ikiwa na matenga pembeni haipiti kabisa. Bajaji ya abiria ina upana wa karibu mita 1.3 na kimo cha mita 1.7. Kirikuu, ile gari ndogo ya mizigo kutoka Japani, haizidi mita 1.48 kwa upana na mita 3.4 kwa urefu, kwa sababu sheria ya huko inaweka ukomo huo kwa magari ya daraja lake. Pikapu za kawaida zina upana wa kati ya mita 1.7 na 1.9 bila kuhesabu vioo vya pembeni, na urefu wake ni zaidi ya mita tano.

Kwa upande wa kilimo, pawatila nyingi zilizoenea nchini, hasa baada ya Kilimo Kwanza kuzinduliwa mwaka 2009, zina upana usiozidi sana mita moja. Wengi huipima pawatila yenyewe na kusahau tela lake, ambalo ni pana zaidi. Trekta ya ukubwa wa kati hukaribia mita mbili, na bomba la moshi lililosimama huongeza kimo chake. Jembe la sahani likiwa limefungwa nyuma, urefu nao unaongezeka.

Baada ya kupima kitu kipana kuliko vyote, ni busara kuongeza angalau sentimita 30 kila upande. Hivyo pikapu inahitaji uwazi wa mita 2.5 hadi 2.7, na trekta mita tatu. Kimo cha mita 2.4 kinafaa kwa gari dogo lisilo na mzigo mrefu. Kwa trekta au gari lenye magunia, mita tatu ndiyo salama. Hata pale ambapo hakuna gari litakaloingia, kimo kina maana yake: mpagazi mwenye gunia begani hapaswi kuinama kila anapopita chini ya lenta. Anayebeba magunia 50 kwa siku akiwa ameinama atakuja kuulipia mlango huo kwa mgongo wake.

Ikumbukwe pia kwamba uwazi wa ukuta si upana wa mlango. Fremu hula takriban sentimita tano kila upande, sakafu ikimwagwa zege na lipu inapunguza kimo, na bati la mlango lenyewe huchukua nafasi yake. Kipimo anachopewa fundi kinapaswa kuwa cha uwazi unaobaki baada ya vyote hivyo.

Kwa seremala na mchomeleaji, nafasi ya mlango ina uzito sawa na upana wake. Mbao ya futi 12 ina karibu mita 3.7, na bomba la chuma la pembe nne huuzwa likiwa na urefu wa karibu mita sita. Mlango uliowekwa kwenye kona, mbele yake pakiwa na ukuta wa karibu, hauruhusu vitu hivyo kuingia hata uwe mpana kiasi gani. Mlango unaotazamana na urefu wote wa jengo unaviruhusu. Aidha, tundu dogo lenye kifuniko cha chuma, likitobolewa ukutani mkabala na mlango, humwezesha mchomeleaji kupitisha bomba la mita sita katika chumba cha mita tano na kulikata ndani bila kutoka nje.

Upande wa kuelekea

Tanzania iko kusini kidogo ya ikweta, kwa hiyo jua la mchana hupita karibu na utosi mwaka mzima. Jua linalosumbua mlangoni ni la asubuhi na la jioni. Mlango mpana unaotazama magharibi huligeuza banda kuwa tanuri kuanzia saa tisa alasiri, saa ambazo kazi nyingi zinakamilishwa. Unaotazama kaskazini au kusini, ukiwa na bati lililotokeza mbele angalau sentimita 60, hupata mwanga bila kupata ukali wake.

Upepo nao una desturi zake. Ukanda wa pwani, kusi huvuma kutoka kusini-mashariki kuanzia karibu Aprili hadi Septemba, na kaskazi hutoka kaskazini-mashariki kati ya Desemba na Machi. Mlango unaoelekea mashariki hupokea pepo zote mbili pamoja na mvua zake. Kwa karakana ya seremala, inapendekezwa mlango mkubwa uwe upande ambao upepo unatokea kwenda nje, na madirisha yawe upande unaoingilia. Kwa mpangilio huo unga wa mbao hutoka badala ya kurudi usoni mwa fundi.

Lipo pia suala la maji. Sakafu ya karakana inapaswa kuinuliwa kama sentimita 15 juu ya uwanja, kisha mlangoni pajengwe mteremko wa zege unaoshuka taratibu kuelekea nje. Kwa kimo hicho, mteremko wa mita 1.2 humwezesha mtu mmoja kusukuma pikipiki au mkokoteni bila kuita msaada. Mlango ukiwekwa upande wa juu wa kiwanja chenye mteremko, mvua ya kwanza italeta tope ndani hata fundi awe hodari namna gani.

Halafu kuna njia ya kufikia mlango. Hakuna faida ya kuwa na mlango wa mita 2.7 ikiwa geti la uzio ni la mita mbili, au ikiwa choo kimejengwa mbele yake. Pikapu haigeuki papo hapo. Inahitaji kunyooka kabla ya kuingia, na nafasi ya mbele ya mlango isipungue urefu wa gari lenyewe. Mahali ambapo kiwanja ni kifinyu, ni heri mlango utazame barabara moja kwa moja.

Gharama na wezi

Wapo wanaosema kwamba mlango mkubwa ni gharama na unakaribisha wezi. Hoja hizo zina ukweli ndani yake na zinastahili kujibiwa.

Kuhusu gharama, tofali la inchi 18 kwa 9 likijengwa, mita moja ya mraba huchukua takriban tofali tisa. Uwazi wa mita 2.7 kwa 2.4 unaokoa karibu tofali 58, wakati ule wa kawaida unaokoa kama 17. Tofauti ya tofali 40 pamoja na saruji yake si ndogo, ingawa haifidii bei yote ya chuma cha mlango.

Mahali pasipofaa kubania ni kwenye lenta. Mlango ukipanuliwa mara tatu, kutoka sentimita 90 hadi mita 2.7, nguvu inayotaka kuipinda lenta, kwa mzigo ule ule kwa kila mita, huongezeka mara tisa. Nondo zilizotosha mlango wa chumba hazitoshi hapo. Lenta hiyo inahitaji kina zaidi, nondo nene zaidi na kuingia ukutani vya kutosha kila upande, na ushauri wa mhandisi au fundi sanifu wa halmashauri ni nafuu kuliko ukuta ulioanguka. Vivyo hivyo, bawaba za mlango mzito zisifungwe kwenye tofali tupu. Zijengewe nguzo za zege zenye nondo kila upande, la sivyo mlango utaanza kulala na baada ya muda hautafungika.

Kuhusu wezi, dawa ni milango miwili. Mkubwa ufungwe kwa komeo za ndani, juu na chini, usiwe na kufuli nje la kukatwa. Mdogo wa sentimita 90 ndio uwe wa kutumia kila siku, ukionekana kutoka nyumba ya kuishi. Mwizi hupenda mlango uliojificha nyuma ya jengo kuliko mlango mpana unaoonekana na majirani.

Aina ya mlango nayo ichaguliwe kwa nafasi iliyopo. Mlango wa mbawa mbili wa mita 2.7, ukifungukia ndani, unakula karibu mita tatu za mraba za sakafu. Katika karakana ya mita nne kwa sita, hiyo ni sehemu moja ya nane ya eneo lote, ambayo haiwezi kuwekwa meza wala mashine. Ukifungukia nje, eneo hilo linaokolewa. Mlango wa kuteleza unahitaji ukuta mtupu pembeni wenye upana sawa na wake, na shata la kuviringisha linahitaji nafasi juu ya uwazi, jambo linaloathiri kimo cha kenchi. Ndiyo maana hata uchaguzi huu hauwezi kusubiri hadi jengo liezekwe.

Mlango ni uhai

Karakana ina cheche, rangi, petroli na unga wa mbao. Moto ukizuka karibu na mlango pekee, aliye ndani hana pa kupita. Mlango wa pili upande wa pili, unaofungukia nje na usiozibwa na mbao wala magunia, ndio unaookoa mtu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inawagusa pia waajiri wadogo, na mwenye mafundi wawili uani hapaswi kudhani kwamba haimhusu. Zaidi ya hayo, injini inayowashwa ndani ya banda lililofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu ambayo huua kimya kimya. Milango miwili inayotazamana ikiwa wazi hupitisha upepo na kuiondoa.

Zipo taasisi zinazoweza kusaidia. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, VETA inayofundisha uashi na uchomeleaji, pamoja na ofisi za ujenzi za halmashauri, zingeweza kutoa michoro rahisi ya mabanda ya kazi yenye vipimo vya milango kwa seremala, mchomeleaji, msagaji na mkulima. Karatasi moja ya namna hiyo, ikitolewa pamoja na kibali cha ujenzi, ingeokoa mitaji mingi inayopotea kwa kubomoa na kujenga upya.

Wakati michoro hiyo ikisubiriwa, kipo kipimo kisichohitaji fedha. Kabla ya jembe la kwanza kugusa udongo, mwenye jengo achomeke mambo, afunge kamba kuonyesha kuta, aache uwazi wa mlango, kisha apitishe hapo pikipiki, tela, kabati au mbao ya futi 12. Kitu kikigusa kamba, kamba isogezwe. Kazi hiyo ni ya nusu saa, na kamba ikishakuwa lenta ya zege, kuisogeza ni nyundo na mtaji mwingine.